Kuhamia Tabora: nyumba ya zamani, pagala au kiwanja kitupu?

Anayehamia Tabora, awe mtumishi aliyeletwa na barua ya uhamisho, mfanyabiashara au mstaafu anayerudi kwao, hukutana na dalali kabla hajajua hata soko liko upande gani. Ndani ya wiki moja atakuwa ameshaonyeshwa nyumba ya zamani Ng'ambo au Kanyenye yenye mwembe uani, kiwanja kitupu pembezoni mwa mji, na pagala moja au mawili, yaani nyumba zilizoachwa bila kumalizika, zikiishia kwenye lenta. Yote matatu yanafaa kwa mtu anayejua anachonunua, na yote matatu yanaweza kumaliza akiba ya mtu asiyejua.

Sisi tunaoingia kwenye nyumba hizi kila siku na nyundo na tochi tuna neno moja la kutanguliza: panga kwanza. Panga chumba au nyumba ya mtu, upitishe mvua moja na kiangazi kimoja ukiwa hapa hapa, ndipo utoe pesa. Kodi ya mwaka mmoja ni ndogo kuliko kosa la kwenye ardhi.

Sababu ni hii. Mvua ya Tabora ni msimu mmoja, huanza Novemba na kwisha Aprili, halafu ni ukame mtupu. Nyumba za hapa zina magonjwa ya aina mbili na kila aina ina msimu wake wa kujificha. Paa linalovuja, ukuta unaonyonya maji na shimo la choo linalofurika utaviona Januari na Februari. Nyufa za udongo unaocheza hufunguka Septemba na Oktoba, na mvua ikishashiba zinajifunga kiasi kwamba lipu nyembamba na rangi vinazificha. Kwa hiyo nyumba inayoonyeshwa Machi ikiwa na rangi mbichi, irudie Oktoba. Inayoonyeshwa Agosti ikiwa kavu na safi, ulizia majirani habari za Februari. Muulize mpangaji, si mwenye nyumba.

Kabla ya kuta, udongo

Mji umekaa juu ya mawe ya itale. Kwenye miinuko udongo ni kichanga na maji hunywea haraka. Msingi wa kawaida wa mawe au tofali hukaa vizuri. Ukishuka mabondeni unakuta mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wakati wa kiangazi udongo wa pembezoni mwa nyumba hukauka wakati ule wa katikati, ulio chini ya sakafu, bado una unyevu. Pembe za nyumba zinashuka, katikati inabaki juu, na ufa unatokea kwenye kona ya dirisha ukipanda kwa mshazari, mwembamba chini na mpana juu. Ukiona ufa wa namna hiyo kwenye pembe mbili za nyumba moja, usijadili bei. Kuziba kwa simenti hakusaidii, kwa sababu kinachotembea ni ardhi.

Viwanja vya bei nafuu mara nyingi viko huko mabondeni. Majina nayo husema kitu. Tabora ina kata iitwayo Mbugani na nyingine Chemchem. Jina si hukumu kwa kila kiwanja kilichomo, kwani ndani ya kata moja kuna mwinuko na bonde, lakini penye jina la maji au mbuga uliza maji ya mvua yalikuwa yakipita wapi kabla watu hawajajenga.

Kupima hakuhitaji maabara kwa hatua ya kwanza. Chimba mashimo matatu kwenye pembe tofauti za kiwanja, kila moja kina cha mita 1.5. Chukua bonge la udongo wa chini, liloweshe, likande, kisha likingirishe mpaka liwe kamba nene kama penseli. Ukiikunja kuwa pete bila kukatika, hapo pana mfinyanzi mwingi. Kichanga hakikubali hata kuwa kamba. Wakati wa kiangazi hata kuchimba si lazima: mbuga hupasuka juu, na ufa wa ardhini unaomeza kidole chako chote umeshakujibu.

Kujenga juu ya mbuga kunawezekana. Ila utahitaji mhandisi, zege lenye nondo chini ya kila ukuta, na ama kushuka chini ya udongo unaocheza ama kuuondoa na kujaza moramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa peke yake. Msingi wa hivyo hula ule unafuu wote wa bei ya kiwanja, na mara nyingi zaidi.

Nyumba ya zamani: panda darini

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani zina ramani moja: ukumbi unaokata katikati kutoka barazani hadi uani, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo huko nyuma. Kwa nje zinafanana. Tofauti kubwa, ambayo hubadilisha bei yote, ni tofali lililomo ndani ya lipu. Kuna za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa simenti, za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, na za tofali bichi tupu zilizovikwa lipu ya simenti. Ukisimama sebuleni huwezi kuzitofautisha.

Ndiyo maana unapanda darini. Omba ngazi, ingia kwa tundu la dari ukiwa na tochi, tazama ukuta wa pembetatu unaoshika paa, maana huko hakuna anayepiga lipu. Kwaruza tofali kwa ufunguo. La kuchoma hutoa unga mwekundu kidogo na mlio mkavu. Bichi huchimbika, na ukilidondoshea maji likakaa dakika mbili, ukilisugua linaacha tope kwenye kidole. Kisha kwaruza kiungio kilicho katikati ya tofali mbili. Ufunguo ukizama sentimita nzima bila nguvu, ni udongo.

Tofali bichi si sababu ya kukimbia moja kwa moja. Unyamwezi umeishi kwenye matembe ya udongo vizazi na vizazi. Nyumba ya udongo hudumu ikiwa msingi wake wa mawe umeinuka walau sentimita 30 juu ya ardhi na paa limetokeza nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi. Kinachoiua ni lipu ngumu ya simenti iliyopigwa juu ya udongo. Maji yanapanda kutoka chini, hayapati pa kutokea, yanakaa katikati, na miaka michache baadaye lipu inaachana na ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Ikilia kama debe tupu, nyuma yake hakuna kitu. Madoa meupe ya chumvi yanayoishia kwenye usawa wa goti au kiuno maana yake nyumba haikuwekewa dipisii, ile nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Hapo tiba ni kuondoa maji: sakafu ya nje kuzunguka nyumba, upana wa mita moja, ikiinamia mbali na ukuta, na mfereji wa kupeleka maji ya paa. Kupaka rangi ya mafuta juu ya chumvi ni kupoteza hela, itabanduka mvua inayofuata.

Jambo jingine la ramani hizi, na hapa watu wengi wanaotoka miji mingine wanaharibu nyumba nzuri. Mtu anataka sebule pana, anavunja ukuta kati ya chumba na ukumbi. Kuta za ukumbi ndizo zinazobeba kenchi, zile mbao zinazoshika paa. Kwenye ukuta wa tofali na udongo, tundu la mita mbili bila bimu hushusha paa taratibu, na milango ya vyumba vya jirani ndiyo huanza kugoma kufunga. Ukitaka choo cha ndani, ongeza chumba kipya upande wa uani chenye msingi wake, usichonge cha zamani.

Ukiwa bado darini, tazama mbao. Tabora ni nchi ya mninga na mkurungu, na kenchi nyingi za zamani zimetokana na hizo. Hii ndiyo faida ambayo fundi hawezi kukuuzia leo kwa bei ya kawaida. Lakini mninga wenyewe una sehemu mbili: kiini chenye wekundu wa hudhurungi, ambacho mchwa hukikwepa, na sehemu nyeupe ya pembeni, ambayo huliwa kama mbao nyingine yoyote. Chukua bisibisi bapa, chomeka kwenye sehemu nyeupe ya kila kenchi pale inapokaa juu ya ukuta, kisha kwenye kiini. Kiini kikigoma, kenchi ni nzima hata kama pembeni pameliwa. Parue, paka dawa, endelea. Bisibisi ikizama kwenye kiini, hiyo inabadilishwa.

Fremu za milango zipime kwa namna hiyo hiyo, inchi sita za chini, zinapogusa sakafu. Huko ndiko mchwa wanakoingilia. Mara nyingi rangi ya nje inakuwa nzima kabisa, laini, inang'aa. Unabonyeza kwa kidole gumba na kinazama, ndani kumebaki udongo mkavu uliojengwa kwa umbo la mbao. Fuata vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, nyuma ya makabati na kwenye kona za bafu. Kijia kikavu kinachovunjika kama unga kimeachwa. Kijia chenye unyevu, ukikivunja kipande na kurudi kesho ukakuta kimezibwa, nyumba ina wenyeji.

Wakiwepo, nyumba bado inanunulika. Toboa sakafu kando ya kuta, ndani na nje, kila baada ya sentimita 30, kwa keekee ya milimita 12, umimine dawa ya mchwa iliyochanganywa kama lebo inavyosema, kisha ziba kwa simenti. Fundi anayenyunyizia juu ya sakafu tu na kuondoka anaua wale wanaoonekana. Kama uani kuna kisima, dawa isimwagwe karibu nacho.

Paa: zima taa saa sita mchana, funga milango, tazama juu. Vitundu vya misumari vitaonekana kama nyota. Vichache huzibika. Vikiwa vingi na bati linabonyea chini ya kidole, hesabu paa jipya. Ukikuta paa la kijivu lenye mawimbi ambalo si chuma, linavunjika kama kigae, chukulia kuwa ni asbesto. Likiwa zima liache kama lilivyo. Usilikate, usilitoboe, usilifagie likiwa kavu, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu na madhara hujitokeza miaka mingi baadaye. Kulitoa ni kazi ya watu wenye barakoa maalumu, likiwa limeloweshwa, na vipande havitupwi jalalani kiholela.

Umeme hapa hauna mjadala mrefu: nyaya za zamani zenye mpira uliokauka, soketi zisizo na waya wa ardhini, zote zitoke. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 au 6 kwa jiko na hita, na fimbo ya ardhini inayozama kweli kwenye udongo wenye unyevu. Kichanga cha Tabora kikikauka hakipitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo fupi iliyopigwa kiangazi karibu na ukuta ni pambo.

Maji pima kwa ndoo. Fungua bomba la uani, tazama saa, jaza lita 20. Halafu fanya hivyo kwa bomba la jikoni. La uani likijaza haraka na la ndani likichuruzika, mabomba ya chuma yaliyomo ukutani yameziba kwa kutu na yanatakiwa kubadilishwa. Mji sasa unapata maji ya Ziwa Victoria pamoja na yale ya bwawa la Igombe, na mtandao wa mitaa ya katikati ni wa zamani kuliko wa pembezoni, ila upo. Kwenye kiwanja kipya uliza TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, bomba kubwa liko umbali gani kabla ya kulipia ardhi. Kila mita ya kuvuta ni ya mfukoni mwako.

Mwisho uani. Nyumba ya miaka 50 imeshachimba vyoo viwili au vitatu, na vya zamani vimefukiwa kwa takataka na udongo kidogo juu. Uliza viko wapi, tembea ukigonga chini kwa mtaimbo. Gari lenye tofali likipita juu yake linazama. Mwembe uliopo usiukate kwa haraka: ukiwa upande wa magharibi unapunguza joto la Oktoba kuliko dari yoyote. Kata tu matawi yaliyolala juu ya bati, na usichimbe karo karibu na mizizi yake.

Pagala

Pagala lina mvuto wake: msingi upo, kuta zipo, mwenye nalo anataka hela haraka. Swali la kwanza si la ujenzi. Aliacha kwa nini? Aliyeishiwa hela atakuambia bila kuzunguka. Aliyeachishwa na kesi ya mirathi, mgogoro wa mpaka au alama ya X hatasema. Tazama ukuta wa upande wa barabara. X nyekundu ina maana jengo limeingia kwenye hifadhi ya barabara na halina fidia. Ya kijani ina maana ya kupisha kwa fidia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Chukua futi kamba, pima mwenyewe. Kiwanja kinachopakana na reli nacho kina hifadhi yake. Peleka namba ya kiwanja kwa wahusika wa reli uulize, hasa sasa ambapo reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora na kutoka hapa kwenda Kigoma.

Kisha ndiyo unatazama ujenzi. Chimba kona moja mpaka uone chini ya msingi. Teremsha timazi kwenye kila kona: ukuta wa mita tatu ukiwa nje kwa zaidi ya milimita 15, ukatae au uvunje kipande hicho. Kozi mbili za juu kabisa, yaani mistari miwili ya mwisho ya tofali, zisukume kwa mkono, kwa kuwa zimenyeshewa miaka yote bila kofia, zikitikisika hutolewa. Kwaruza tofali kwa msumari. Msumari ukichimba nusu sentimita kwa urahisi, waliolifyatua walivuta mfuko wa simenti kupita kiasi.

Nondo zilizoachwa wazi ndizo hudanganya wengi. Kutu ya juu ya rangi ya chungwa haina neno, isugue kwa brashi ya waya. Ikibanduka kwa maganda, pima unene uliobaki. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10 ikatwe hadi penye uzima na iunganishwe mpya kwa kupishana sentimita 60. Fundi atakayekuambia kupishana kiganja kimoja kunatosha, mbadilishe.

Kuanza na kiwanja kitupu

Ujenzi mpya Tabora una kalenda, na anayeivunja hulipa. Chimba msingi Mei, ardhi ikiwa bado laini. Kuta Juni na Julai. Lenta na mkanda, yaani zege linalozunguka juu ya kuta zote, Agosti, upaue Septemba, uezeke kabla ya Oktoba kwisha. Mvua za kwanza za Novemba huja na upepo mkali kuliko mvua za Januari, na upepo huo huingia kwa chini ya paa ambalo halijafungwa dari wala madirisha. Wakati wa kumwaga zege la mkanda, acha vipande vya nondo ya milimita 8 vikitokeza juu kila penye kenchi, uvikunje juu ya mbao na kuvipigilia. Misumari peke yake haishiki.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu ya mita 10 kwa 12, yenye kuta za urefu wa jumla ya mita kama 84, hesabu inakwenda hivi. Tofali za simenti za inchi 6 zikisimama, mita moja ya mraba inakula 9. Ukitoa milango na madirisha, kuta zinachukua takriban 1,900. Msingi wa kozi nne za kulaza unaongeza kama 720. Weka na za kuvunjika, agiza 2,750. Mfuko wa simenti wa kilo 50 utoe tofali 30 hadi 35. Ukisikia 45, usifurahi. Jamvi, yaani zege la sakafu, la sentimita 10 ni kama mita za ujazo 12 za zege, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) kila mita ya ujazo inataka mifuko sita na nusu, yaani mifuko 78. Simenti iliyobaki stoo ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Zege na tofali mpya zimwagiliwe siku saba asubuhi na jioni. Kiangazi cha hapa ni kikavu sana na jua kali. Zege lisilomwagiliwa hupasuka juu kabla halijakomaa, na kasoro hiyo hairekebishiki kwa lipu.

Mchanga upime kwa chupa. Jaza sentimita 10 za mchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tabaka la tope juu likifika sentimita moja, rudisha lori.

Kabla ya jamvi kumwagwa, mwaga dawa ya mchwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, lita 4 hadi 5 za mchanganyiko kwa mita moja ya mraba, na kwenye mtaro kando ya msingi lita 5 kwa kila mita ya urefu kwa kila sentimita 30 za kina. Siku hiyo hiyo tandika nailoni juu yake. Nafasi hii ikipita hairudi, na kazi ya siku moja inageuka kuwa ile ya kutoboa sakafu tuliyoieleza. Mbao za paini za paa ziwe zimetiwa dawa kiwandani. Kata kipande uone: dawa iwe imeingia ndani na kuacha rangi ya kijani, isiwe imepakwa juu kwa brashi. Kila mwisho uliokatwa na msumeno upakwe dawa upya. Bati chagua geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi, namba kubwa isikudanganye.

Haya yote yanamtaka mtu aliye pale. Anayejenga kwa simu, akituma hela kutoka mkoa mwingine na kupokea picha, huona kuta zikipanda na haoni kipimo cha simenti. Kama huna ndugu wa kusimama hapo na huwezi kuchukua likizo wakati wa msingi, jamvi na mkanda, usianze kujenga mwaka huo. Lipa ufundi kwa hatua, na bakiza asilimia 10 mpaka mvua ya kwanza ipite juu ya paa.

Kwa mgeni mwenye kazi ya kutwa, sisi tunaegemea nyumba ya zamani: iliyo juu ya kichanga, ya tofali za kuchoma, yenye karatasi safi, hata kama bati limeoza na nyaya ni za enzi. Paa hubadilishwa kwa wiki mbili. Udongo na majirani hawabadilishwi. Ila bei ipigwe kama vile paa, umeme, mabomba na choo vyote vinahitaji kuwekwa vipya: leta mafundi wanne, kila mmoja aandike makadirio yake, jumlisha, toa kwenye bei.

Karatasi

Nyumba za mitaa ya zamani nyingi ni za familia. Anayekuuzia awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani kama mwenye nyumba amefariki, na warithi wote wasaini. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda. Muhuri wa mtaa ni ushahidi kwamba mlikutana, hauhamishi umiliki. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna mkopo juu yake. Soma muda: hati ya miaka 33 iliyoanza 1990 iliisha 2023, na kuihuisha ni kazi ya muuzaji kabla hujalipa. Leseni ya makazi si hati, ni ya muda mfupi. Kwa kiwanja kitupu soma sharti la kuendeleza, kwa kawaida miezi 36, na usichimbe bila kibali cha ujenzi cha Manispaa.

Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 kwa mkazi, ni ya muuzaji. Iandikwe hivyo kwenye mkataba, maana wengi huisukumia kwa mnunuzi siku ya mwisho. Dai stakabadhi za kodi ya ardhi na za maji. Mita ya LUKU ihakikiwe kama ina deni, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo na malimbikizo hubaki na mita.

Ukishakabidhiwa funguo za nyumba ya zamani, fuata mpangilio huu. Dawa ya mchwa kwanza, vyumba vikiwa vitupu. Halafu paa. Halafu sakafu ya nje na mfereji, ili mvua inayofuata ikute njia. Nyaya na mabomba yapitishwe ukutani baada ya hapo, kabla ya lipu mpya. Lipu ipumzike wiki nne, kwenye kuta za udongo zaidi ya hapo, mpaka ukiegemeza kiganja asubuhi usisikie ubaridi wa unyevu. Hapo ndipo unanunua rangi.